Mwaka Niliokimbia na Chemutai

Siku tulipomzika Mwalimu Barasa kule Ndalu, mjane wake alitoka nyumbani akiwa ameshikwa mikono na wanawake wawili, akautazama umati uliojaa uani, akauliza, "Chemutai amefika?" Hakuuliza juu ya mchungaji, wala juu ya wanawe waliokuwa bado njiani kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu mbele yake, nimevaa gauni jeusi nililoshonesha kwa ajili ya siku hiyo, na nilikuwa nimejiandaa kumkumbatia. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu uliyemwona mahali lakini humkumbuki. Nakaribia miaka hamsini. Nasimamia maabara yenye wafanyakazi thelathini, nimelea watoto wawili wakatoka nyumbani, na asubuhi goti la kushoto hunikumbusha kila kilomita niliyowahi kukimbia. Hata hivyo, pale matangani, nilikuwa kama msichana aliyenyimwa kitu mbele ya watu. Mara Chemutai akaingia langoni, mrefu vilevile, amevaa gambuti kwa sababu ya matope na leso ya kawaida kichwani, na umati ukamfungulia njia bila kuombwa. Mama Rael, yule mjane, akajitupa kifuani pake. Nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Huyu ndiye huwa anakuja kila Krismasi na maziwa. Ata mwaka mwalimu alikuwa hospitali, alikuja." Sikuwa nimekanyaga Ndalu kwa miaka ishirini na miwili. Nilijua kwa nini, na Chemutai naye alijua.

Mwaka ule tulikaa pamoja Kitale, kwenye ploti ya vyumba vinane vilivyotazamana, nyuma ya soko. Chumba kilikuwa kwa jina langu, Nanjala. Kilikuwa na vitanda viwili, stovu ya mafuta ya taa, meza moja yenye mguu tuliouinua kwa kipande cha tofali, na ukutani, juu ya kitanda changu, ratiba yangu. Ratiba hiyo niliichora kwa rula na kalamu za rangi tatu. Saa kumi na moja alfajiri, kukimbia kilomita kumi barabara ya Kapenguria na kurudi. Saa mbili hadi saa kumi na moja jioni, kazini, kwenye maabara ya kampuni ya mbegu, ambako nilikuwa nikipanga punje za mahindi juu ya karatasi nyevu na kuhesabu, siku ya nne na siku ya saba, ni ngapi zimeota na ngapi zimeoza. Jioni, vitabu. Jumamosi, Bungoma, kwenye chuo nilikokuwa nikisomea stashahada ya maabara, darasa la watu wazima waliosinzia saa nane mchana mabati yakipasha joto vichwa vyao. Jumapili, mbio ndefu. Sikuwa na nafasi ya mchumba wala ya kuumwa kichwa. Nilijivunia ratiba hiyo kuliko nguo yoyote niliyokuwa nayo, na wageni walipoingia nilihakikisha wameketi mahali ambapo wangeiona.

Chemutai alikuja Januari kunisaidia kodi. Alikuwa ametoka mlimani, upande wa Kaptama, akapata kazi ya kupika chapati kwenye hoteli moja mjini. Alikuwa akitoka kabla yangu na kurudi saa nane mchana, nywele zimeingia unga, na kila alipotoka kwao alileta kibuyu cha mursik kilichofanya chumba chote kinuke moshi na maziwa lala. Tulipatana haraka. Alikuwa msikivu, alipika isaka, ile mboga chungu ya kwetu, vizuri kuliko mimi niliyezaliwa tukiila, na alicheka chinichini, mkono ukiwa mdomoni. Jumapili moja mwezi wa pili akaniona nikifunga kamba za raba, akasema, "Si nikusindikize kidogo? Nimechoka kukaa." Nilimwambia ni kilomita kumi na nane. Akasema atarudi akichoka. Alivaa viatu vya kitambaa vya kuendea dukani na sketi ya shule, akaja nyuma yangu. Kiminini tulipofika bado alikuwa nyuma yangu, akiniuliza maswali. Nani anakaa kwa ile nyumba, wale ng'ombe ni wa nani, hiyo shule ni ya wasichana ama ya kuchanganya. Mimi sikuweza kujibu kwa sababu sikuwa na pumzi. Tuliporudi mjini alikwenda moja kwa moja kuchota maji. Nilikaa kitandani nikiangalia ratiba, na nilipomsikia akiimba kwenye mfereji nilifurahi kwa ajili yake, nadhani. Nataka kuamini kwamba kwa wiki chache za kwanza nilifurahi.

Ni mimi niliyempeleka kwa Mwalimu Barasa. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Kitale, mtu mfupi mwenye tumbo, ambaye hakuwahi kukimbia hata kukimbilia mvua, lakini alikuwa ameunda kikundi cha wakimbiaji. Tulikuwa kumi na watano: makarani, walimu, askari wawili, na mimi, mwanamke wa kwanza. Kama wengi wa kwetu alibadilisha l na r, na sisi tulimwiga akiwa hayupo. "Mbio ni porepore," alikuwa akisema. "Mwenye haraka aende akapande ndege." Ndoto yake ilikuwa mbio za jangwani, siku tatu, ng'ambo ya Lodwar, mwishoni mwa mwaka, ambapo watu walikimbia wawili wawili na hakuna aliyehesabiwa amefika mpaka mwenzake afike. Likizo za shule alitupakia kwenye Land Rover yake kuukuu akatushusha Turkana, tulale nje, tutembee mchangani, tujue kiu. Mwaka huo alitaka kupeleka wanawake wawili kwa mara ya kwanza. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa anatafutwa, nami nikamleta mwenyewe, nikamshika mkono, nikasema, "Mwalimu, huyu ni Chemutai. Anaweza kukimbia kidogo."

Kufikia Pasaka alikuwa akinisubiri. Mtu ambaye hajawahi kusubiriwa hawezi kujua jambo hilo linavyouma. Angenitangulia hadi kona, asimame, ageuke, arukeruke mahali pamoja ili asipoe, na nikimfikia atabasamu aseme, "Twende." Hakuwahi kunicheka. Angenicheka ningepata mahali pa kushika. Na haikuwa barabarani tu. Jioni nilikuwa nikimpa daftari langu la Bungoma anishikie, aniulize maswali nami nijibu, wakati yeye akichagua mchele au akikunja nguo. Jioni moja aliniuliza kazi ya kimeng'enya fulani kwenye mbegu inayoota, nami nikawa nakitafuta kichwani, nakitafuta, akasema taratibu bila kuangalia daftari, "Si ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, mche upate chakula?" Alikuwa amesikia mara mbili tu. Akaendelea kuchagua mchele. Nilimwambia kwamba nina usingizi, nikazima stovu ingawa chai ilikuwa haijachemka, nikageukia ukuta. Asubuhi nilikuta ameacha chai yangu kwenye thermosi, na hilo nalo nikalihesabu kama kosa lake.

Jumapili za mbio ndefu tulikuwa tukimalizia Ndalu, nyumbani kwa Mwalimu. Mama Rael angekuwa amechemsha viazi vitamu, na siku nzuri kulikuwa na kuku na ugali wa wimbi. Nyumba ilikuwa ya udongo uliopakwa vizuri, na kati ya sebule na jikoni kulikuwa na ukuta usiofika juu. Wenzangu walikuwa nje wakijimwagia maji. Mimi niliingia kutafuta kitambaa changu nikasikia Mwalimu akizungumza na mkewe huko jikoni.

"Nanjara ni mtu wa bidii," alisema. "Sijawahi ona mtu wa bidii kama huyo. Anaandika kira kitu."

"Na huyo mwingine?"

Nikasikia kijiko kikikwaruza sufuria.

"Huyo mwingine hahitaji kuandika," Mwalimu akasema. "Huyo, Mama Raeri, nikimwangaria hata naogopa kumfundisha, nisije nikamharibu. Kuna rafiki yangu ana kambi huko upande wa Erdoret. Baada ya jangwa nitampereka wamwone."

Niliketi mezani na wengine nikala viazi vitamu vitatu. Nakumbuka idadi kwa sababu nilijilazimisha kumeza kila kimoja. Mama Rael aliniuliza kama sijisikii vizuri. Nilisema ni jua. Hadi leo, mtu akinisifu kwamba mimi ni mtu wa bidii, nasikia kile kijiko kikikwaruza sufuria.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki changu, nacho kilikuwa jangwa. Safari ya Aprili, Chemutai hakupata ruhusa kazini. Nilikwenda bila yeye. Tuliteremka kupitia Marich, milima ikabaki nyuma, na hewa ikaanza kuingia dirishani kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Tulipiga kambi kwenye ukingo wa laga, ule mto wa mchanga usio na maji isipokuwa mvua inaponyesha mbali huko vilimani. Siku mbili nilikimbia kwenye mchanga na mawe, na siku ya pili jioni nilivua raba nikakuta soksi imeshikamana na kidole. Kucha mbili zilikuwa zimegeuka nyeusi, moja ikang'oka na soksi. Mwalimu Barasa alichuchumaa, akaniosha kwa maji ya chumvi, akaniuliza navaa saizi gani. Nilimwambia arobaini, tena inanitosha vizuri.

"Hapo ndipo umekosea," alisema. "Huku mguu unavimba. Joto na mchanga. Kiatu kikikutosha Kitare, huku ni kidogo. Ukirudi nunua arobaini na moja, hata na nusu. Na umwambie mwenzako."

"Nitamwambia, Mwalimu."

Nilikusudia kumwambia. Lakini niliporudi, kabla sijafungua mkoba, Chemutai alinipa habari kwamba alikuwa amekimbia peke yake hadi Ndalu na kurudi, kwa sababu alikuwa mpweke. Nikasema nitamwambia kesho.

Safari ya Agosti tulikwenda wote. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mwenyeji. Nilimweleza njiani majina ya mahali, nikamwonyesha jinsi ya kuyashika maji mdomoni kabla ya kumeza, nikamwambia jangwa si mlima na asije akatoka mbio. Jioni ile tulifika kwenye vilima vya mchanga, vimekaa kama migongo ya ng'ombe waliolala, na jua limeanza kulegea. Chemutai alisimama akiangalia. Kisha akavua raba, akavua soksi, akazipanga vizuri kando, akaanza kukimbia kuelekea juu miguu mitupu. Mchanga ulikuwa ukimrudisha nyuma nusu hatua kwa kila hatua, naye akawa anacheka kwa sauti, bila mkono mdomoni, mara ya kwanza kumsikia hivyo. Alifika kileleni akageuka akatupungia mikono yote miwili. Wanaume wa kikundi walipiga makofi. Mwalimu Barasa alikuwa amesahau sigara yake ikaungua hadi vidoleni. Mimi nilikuwa chini na chupa yangu ya maji na daftari la kuandikia muda, na nilisikia kitu kikinifunga ndani, polepole, kama mfuko unaokazwa kamba. Hata hapa, nikajisemea. Hata hapa. Kwa sababu alikimbia bila viatu safari ile yote, miguu yake haikumfundisha kile yangu ilichonifundisha.

Oktoba tulikwenda soko la mitumba pale Kitale kununua raba za mashindano. Mimi zangu nilikuwa nimeshanunua wiki mbili kabla, peke yangu, arobaini na moja na nusu, nikazificha chini ya kitanda ndani ya mfuko wa unga. Chemutai alijaribu jozi tatu akipanga foleni ya viatu mbele yake kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliipenda jozi ya bluu, saizi arobaini. Alitembea hatua chache, akarudi, akabonyeza mbele kwa kidole gumba.

"Zimekukaa poa, siz," muuzaji akasema.

Chemutai aliniangalia mimi. "Nanjala, wewe ndio unajua jangwa. Hizi zinanitosha kabisa. Ama nichukue kubwa?"

Alikuwa ameshika arobaini na moja kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ameishika tayari. Nilikuwa na muda wa kutosha. Mwanamke mmoja alipita katikati yetu na beseni la parachichi, tukampisha, kisha tukakaribiana tena, na swali lilikuwa bado lipo usoni mwake.

"Ziko sawa," nilisema.

"Wewe ulichukua saizi gani?"

"Ile ile yangu ya kawaida."

Akairudisha ile arobaini na moja kwenye rundo. Tulikula mahindi ya kuchoma tukirudi nyumbani, na alinunua yeye, kunishukuru kwa kumsindikiza.

Sikuwa nimewaza ataumia kiasi gani. Nilitaka tu apungue. Nilitaka siku moja, au nusu siku, ambayo mimi ndiye ningesimama kwenye kona nikageuka na kusema, "Twende." Ndivyo nilivyojieleza, na kwa muda mrefu nilijaribu kuishi na maelezo hayo.

Siku ya kwanza ya mashindano alikimbia mbele kama kawaida. Tulikuwa jozi ishirini na kitu, wengi wanaume. Siku ya pili, baada ya kituo cha maji cha kwanza, nikamwona anapunguza. Nilimfikia. Nikampita. Nilipogeuka alikuwa nyuma hatua hamsini, anakimbia kwa visigino, midomo ameikaza. Nilifurahi. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi, lakini ni kweli, furaha ilinipanda mwilini mpaka miguu yangu ikawa miepesi. Nilimsubiri. Nilirukaruka mahali pamoja. "Twende," nikamwambia aliponifikia. Akaitikia kwa kichwa. Kilomita nne au tano hivi nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Turkana.

Kwenye kituo kilichofuata alikaa kwenye jiwe akashindwa kuinuka. Muuguzi wa mashindano alimvua raba na soksi. Kucha nne zilikuwa zimeng'oka, kidole gumba cha kulia kilikuwa kimepasuka upande, na mchanga umeingia ndani. Sitaki kueleza zaidi. Muuguzi, mwanamke wa huko mwenye shanga shingoni chini ya koti lake jeupe, aliuliza, "Hakuna mtu aliwaambia muongeze saizi?" Kisha akaangalia miguu yangu. Aliiangalia raba yangu kubwa, iliyoacha nafasi mbele, akaniangalia usoni, akaendelea kuosha kidonda. Chemutai alifuata macho ya yule muuguzi. Aliona alichokiona.

Mwalimu Barasa alikuwa akitufuata na Land Rover kutoka kituo hadi kituo. Alifika akitimua vumbi, akaona ule mguu, akageukia kwangu.

"Nanjara. Si nirikuambia umwambie?"

Watu walikuwa wamesimama wametuzunguka. Nilisema, "Nilimwambia, Mwalimu. Hakusikia."

Basi Mwalimu akamgeukia Chemutai. Sikuwa nimewahi kumsikia akimpazia mtu sauti kabla ya siku ile. Alimwambia kwamba kipaji bila masikio ni bure, kwamba ameharibu kazi ya mwaka mzima, kwamba rafiki yake wa kambi atamcheka yeye mzee mzima kwa kumsifu mtu asiyesikia. Chemutai alikuwa amekaa kwenye jiwe mguu ukiwa mapajani mwa muuguzi. Alimsikiliza hadi mwisho. Aliniangalia mara moja, si kwa hasira, aliangalia tu kama mtu anayesoma bango. Kisha akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Aliniambia. Nilipuuza."

Siku ya tatu alikata mbele ya raba kwa kisu cha muuguzi, akafunga vidole kwa bendeji, tukatembea na kukimbia na kutembea hadi mwisho. Nilimbebea maji. Nilimshika mkono kwenye mawe. Tulipofika, watu walinipongeza mimi kwa kutomwacha mwenzangu, na Mwalimu Barasa akanishika bega akasema, "Umemreta." Kuna picha. Nimetabasamu kwenye picha hiyo.

Kidole kilioza. Wiki mbili baadaye, siku ambayo angepelekwa kambini, alikuwa amelala chumbani Kitale, mguu umefura hadi kifundoni, na mimi nilikuwa Bungoma nafanya mtihani. Nilifaulu. Daktari alikata nusu ya kidole gumba. Mwalimu alipata kujua baadaye kwamba hasira ilikuwa imempita kiasi, akaenda kumwomba msamaha, naye akampokea. Lakini kambi ilikuwa imeshachukua wengine. Kabla ya Krismasi Chemutai alikunja blanketi lake, akaniachia kibuyu kwa sababu hakikuingia mkobani, akapanda gari la kwenda mlimani. Alisema, "Haya, Nanjala. Tutaonana." Kwa miezi kadhaa baada ya hapo nilimwonea wivu zaidi ya wakati alipokuwa akinishinda. Nilimwonea wivu kwa moyo wake. Niliwaza, ningekuwa mimi kwenye jiwe lile nisingeweza kusema alichosema. Amenishinda hata kwenye hilo. Nilikuwa nimemfanya mtakatifu kichwani mwangu, na ni vigumu kumtembelea mtakatifu, kwa hiyo sikwenda. Nikaacha pia kwenda Ndalu.

Siku ya mazishi, watu walipomaliza kula, nilimkuta nyuma ya jiko la Mama Rael, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anasugua sufuria kwa majivu. Nikavuta kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kiminini, lakini yalitoka yote kwa mpigo, soko, ile arobaini na moja mkononi mwake, mfuko wa unga chini ya kitanda. Aliendelea kusugua hadi nilipomaliza.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Niliona viatu vyako."

"Basi kwa nini ulimwambia Mwalimu vile? Kwa nini ulinifunika?"

Aliniangalia akishangaa kidogo, kana kwamba jibu lilikuwa wazi kwa kila mtu.

"Nyumba ilikuwa kwa jina lako, Nanjala. Mguu wangu ulikuwa umeharibika, kazi nilijua wataniachisha. Ningesema umedanganya, ungenifukuza. Ningeenda kulala wapi?"

Miaka ishirini na miwili niliona wivu kwa wema wake, kumbe alikuwa msichana mwenye hofu, aliyepiga hesabu ya mahali pa kulala.

"Sikukufunika," akaendelea. "Nilikuchukia. Labda miaka kumi. Nilikuwa nikikamua ng'ombe nakuchukia. Hata mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nikikuchukia."

"Na Mwalimu? Ulimwambia?"

"Nilimwambia baadaye. Alilia. Alisema siku ukikuja hapa atakukaribisha chai kwanza, halafu ndio aulize." Alimwaga maji machafu pembeni. "Hukukuja."

"Na sasa? Bado unanichukia?"

Alifikiri. Nilimshukuru kwa kufikiri. "Ilipungua," alisema. "Kazi ni nyingi, ng'ombe ni wengi, ukimchukia mtu lazima ukumbuke. Lakini usiniulize kama imeisha. Sasa umeniambia ili nifanye nini?"

"Sijui."

"Basi suuza hizi."

Nilikunja mikono ya gauni langu jeusi nikasuuza. Zilikuwa sufuria kubwa za matanga, na nyingi. Tulizungumza habari ya bei ya maziwa, habari ya goti langu, habari ya binti yake anayekimbia na mwingine asiyetaka kusikia habari za mbio. Alinieleza kwamba bado anakimbia, asubuhi, akipeleka maziwa, kwa mguu uliopungua, na niliposikia hivyo nilihisi kile kitu cha zamani kikiinua kichwa ndani yangu. Sikumwambia hilo. Nadhani aliona.

Pikipiki iliyokuja kumchukua ilipopiga honi, alifuta mikono kwenye sketi, akatoa simu, akaniomba namba. Niliitaja polepole. Alipokuwa akiandika jina nilinyoosha shingo nikasoma. Hakuandika rafiki, hakuandika dada. Aliandika "Nanjala Kitale," jina na mahali ninapopatikana, kisha akabonyeza, akasubiri simu yangu iite mkobani ili ahakikishe sikumpa namba ya uongo.